Pikapu Isiyolalamika

Siku Mama Matofali alipomnusa shemeji yake viganja mbele ya wafanyakazi, hata Mchanganyaji, mkoroga saruji ambaye hakosi neno la utani, alitazama pembeni.

Ilikuwa asubuhi, katika uwanja wake wa kufyatulia matofali ya saruji. Pikapu mpya ilisimama langoni ikisubiri kupakiwa. Mama Matofali alikuwa ameiwasha mwenyewe, akautazama mshale wa mafuta, akaukuta umelala chini kama mgonjwa. Na tangi lilijazwa juzi tu, hadi mdomoni.

"Kepteni!" akaita. Siku zote humwita shemeji. Kepteni ni jina la wafanyakazi, kwa sababu mzee yule huendesha gari kwa kofia, mgongo umenyooka kama yuko kwenye meli. "Nipe mikono yako."

"Mikono?"

"Nipe."

Akampa yote miwili, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula. Mtu mzima, mvi kichwani, mdogo wa marehemu mumewe. Mama Matofali akainama, akanusa. Dizeli.

"Nilikuwa nakataa kuamini," akasema, na sauti yake ilifika hadi kwenye rundo la mchanga. "Kumbe unaninyonyea mafuta kweli."

"Nimebadilisha filta ya dizeli alfajiri, shemeji. Ilikuwa imeziba."

"Na juzi? Na wiki iliyopita? Kila tangi likiisha ni filta?"

Kepteni akautundika ufunguo wake kwenye kioo cha pembeni cha gari, taratibu usikwaruze rangi, akatoka langoni kwa miguu.

Sasa, Mama Matofali si mtu mbaya, na tusimfanye hivyo. Wafanyakazi wake hula kabla yake, na mtu akiuguliwa nyumbani hupewa ruhusa kabla hajamaliza kueleza. Ila pikapu ile ilikuwa imemwingia moyoni.

Ile ya zamani ilikuwa na injini kubwa isiyo na turbo. Ikipanda mlima ilikuwa ikilia mpaka watu wanatoka majumbani kutazama nani anateswa. Kwa hiyo alipokwenda kutafuta nyingine, muuzaji alimkuta ameshachoka. "Mama, hii injini yake ndogo, lakini ina turbo," muuzaji akasema, akipigapiga boneti kama anambembeleza mtoto. "Turbo inaipulizia pumzi. Nguvu ya ng'ombe, tumbo la kuku! Mafuta inanusa tu." Mama Matofali alicheka, na alirudi nyumbani bado anacheka.

Lakini uwanjani pikapu haikunusa mafuta. Iliyabugia. Alipomlalamikia binti yake, binti akasema, "Mama, tuijaribu wenyewe, tujue moja." Jumapili wakajaza tangi, wakaenda kumtazama mjukuu mgonjwa. Lami tupu, njia tambarare, wanawake wawili na kikapu cha nyanya. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi ikaandikwa kwamba lita moja inawapeleka kilomita kumi na tatu. Wakaenda, wakarudi, mshale haukutikisika sana.

"Umeona?" binti akasema. "Gari halina tatizo."

Na kama gari halina tatizo, Mama Matofali aliwaza, basi tatizo lina miguu miwili na kofia.

Basi siku ile ya kunusana, Kepteni akiwa ameshaondoka, palikuwa na shule inayojengwa kule juu mlimani, na mafundi wake walikuwa wanasubiri matofali. Mama Matofali akajaza tangi, akapanda mwenyewe nyuma ya usukani.

"Niongeze mstari wa juu, Mama?" akauliza Mpangaji, kijana anayepakia.

"Kama kawaida."

Kawaida yenyewe aliianzisha yeye. Pikapu ya zamani ilikuwa ikizidiwa inalia, naye alikuwa akiihurumia. Hii mpya haikulia, akaongeza mstari mmoja. Bado haikulia, akaongeza mwingine. Kepteni aliwahi kusema, "Shemeji, hapa limejaa," naye akamjibu, "Mbona halilii?" Kepteni akapanda, akaondoka nalo.

Kwenye tambarare alihisi tu kwamba breki zimekuwa nzito. Mlima ulipoanza, akakanyaga mafuta. Turbo ikapiga filimbi yake nyembamba, kiti kikamsukuma mgongoni, na gari likapanda na mzigo wote ule kana kwamba limebeba mikate. Mama Matofali akatabasamu kidogo. Halafu akatupia jicho kile kioo kidogo.

Kilomita nne kwa lita.

Akadhani amesoma vibaya. Akapunguza mguu, namba ikapanda, lakini gari nalo likaanza kusinzia, na lori lililokuwa nyuma likampigia honi. Akakanyaga tena. Filimbi, kiti mgongoni, na namba ikaporomoka pale pale. Gari halikulia hata kidogo. Lilikunywa tu.

Kule juu, msimamizi wa ujenzi akaja mbio kumpokea. "Kepteni yuko wapi leo?"

"Amepumzika."

"Mwambie tunamsalimu sana. Wengine wote wanatumwagia mizigo kule chini barabarani, tunapandisha kwa vichwa. Yeye peke yake anakichukua hiki kipande cha mwisho mpaka mlangoni. Haombi hata maji."

Mama Matofali akakitazama kipande hicho cha mwisho. Kilikuwa mawe matupu, kimesimama kama ngazi. Hakujua kwamba gari lake linafika huko. Akalipandisha kwa gia ya kwanza, filimbi ikilia masikioni mwake njia nzima.

Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Siku ya pili akafanya hivyo hivyo. Alipozima injini uwanjani jioni, mshale ulikuwa umelala palepale alipoukuta asubuhi ya jana yake, na tangi hilo alilijaza yeye, akalifunga yeye, akaliendesha yeye.

Masikio yakamwaka moto. Akashuka, akachukua tochi, na kwa magoti yake mabovu akalala chini ya gari. Alikuwa anatafuta tundu. Alilitafuta kwa hamu kubwa kuliko mtu anavyotafuta pete iliyopotea. Tone moja tu la dizeli lingetosha kumwokoa. Chini ya tangi palikuwa pakavu.

"Mama, mrudishe tu kimyakimya," binti yake akasema kwenye simu. "Mnunulie hata shati. Yataisha."

"Nilimnusa mbele za watu."

"Mtu mzima yule, ataelewa."

"Ndiyo hiyo inayoniuma. Ni mtu mzima."

Kesho yake alasiri akaenda kwa Kepteni. Njiani alipanga maneno ya kumwambia mke wa Kepteni, maana alijua atapokewa kwa mlango uliofungwa, na alijiambia atavumilia chochote atakachotukanwa.

"Dada! Karibu, karibu ndani!" Mke wa Kepteni alikuja na mikono miwili, akamvua mkoba begani, akamwondolea kile kiti chenye mguu mbovu na kumwekea kizuri. "Pole na gari. Ameniambia liko gereji. Nikamwambia, na wewe upumzike, mgongo wenyewe umeshachoka. Ngoja nikuwekee chai."

Mama Matofali akakaa. Hakujua pa kuweka macho yake. Kumbe Kepteni hakumwambia.

Kepteni akatokea uani, akamwona, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana: usiseme. Akakaa mbele yake. Jikoni vikombe viligongana.

"Hukumwambia," Mama Matofali akanong'ona.

"Ningemwambia nini? Kwamba shemeji yangu ananinusa?" Alitabasamu, ila macho hayakushiriki. "Unamjua mdogo wako. Angekuja pale uwanjani. Mngefika mahali pa kutozikana."

"Nimeliendesha mwenyewe. Limekunywa vilevile."

"Najua."

"Mbona hukuniambia, shemeji?"

"Nilikuambia limejaa." Akapapasa goti la suruali yake. "Ukaniuliza mbona halilii. Nikafikiri, labda yeye anajua, ndiye aliyezungumza na muuzaji."

Hakusema kwa ukali, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa ukali.

"Nisamehe," Mama Matofali akasema.

"Nimeshakusamehe. Wewe ni ndugu yangu."

"Basi rudi."

"Hapo sasa." Kepteni akavuta pumzi. "Ndugu tutasameheana. Wale vijana si ndugu zangu. Kila nikishika kifuniko cha tangi watanitazama. Hawatasema kitu, watanitazama tu. Nitaendeshaje hivyo?"

"Njoo kesho. Nitawakusanya wote, niseme mbele yako."

"Usinisimamishe pale katikati tena, shemeji. Tafadhali. Hata kama ni kunisifu."

Mke wa Kepteni akaingia na sinia, akamimina, akamchagulia kikombe kisicho na ufa. "Haya, gari linatoka lini, dada?"

Kepteni akamtazama Mama Matofali. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema wiki ijayo, akanywa chai yake, akaondoka na jina lake zima. Kepteni mwenyewe alikuwa amemshikia mlango huo.

"Gari halikwenda gereji, mdogo wangu," akasema. "Nilimwita mume wako mwizi. Nilimnusa mikono mbele ya wafanyakazi wangu. Na si mwizi. Mafuta niliyamaliza mimi, kwa mizigo niliyompakilia."

Mke wa Kepteni akaweka birika chini. Alimtazama mumewe kwanza, muda mrefu, kama anayetafuta mahali alipoumia. Kisha akamtazama mgeni.

"Kunywa chai, dada," akasema. "Itapoa."

Sauti haikuwa ile ya mlangoni. Mama Matofali akanywa chai yote, ikimuunguza, kwa sababu aliona kuiacha ni kuongeza kosa.

Asubuhi iliyofuata aliwakusanya wafanyakazi kabla kalibu la kufyatulia halijashikwa. Mchanganyaji alikuwa ndiyo kwanza amekoroga saruji na mchanga, beleshi bado mkononi.

"Nina neno," Mama Matofali akasema, na sauti iliyofika hadi kwenye rundo la mchanga siku ile, leo haikuwafikia hata waliosimama nyuma. Akakohoa, akaanza upya. "Kepteni hajaiba mafuta. Hajawahi. Gari hili likiwa tupu halili kitu. Likipakiwa na kupandishwa mlima linakunywa, na mimi ndiye niliyekuwa nasema ongezeni mstari. Nimelipima mwenyewe. Nilimdhalilisha mtu bure, na nilifanya hivyo mbele yenu, ndiyo maana nasema mbele yenu."

Mpangaji alikuwa akichora kitu kwenye vumbi kwa kidole cha mguu.

"Sisi tulijua, Mama," Mchanganyaji akasema mwishowe.

"Mlijua nini?"

"Kwamba si mwizi. Yule mzee akiokota sarafu yako garini anaiacha juu ya dashibodi mpaka inashika kutu." Hakukuwa na utani usoni mwake. "Tulijua, tukatazama pembeni. Wewe ulisema, sisi tukanyamaza. Sijui kipi kilimuuma zaidi."

Mama Matofali hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa ameibeba aibu ile kama mali yake peke yake.

"Anasema mtamtazama," akawaambia. "Akishika tangi. Ndiyo maana hataki kurudi."

Wakatazamana. Mpangaji akafuta mchoro wake. "Twende basi," akasema. "Aambiwe na sisi."

"Sasa hivi?" Mchanganyaji akaonyesha rundo la zege lililolowa miguuni pake. "Hili tukiliacha litaganda."

"Nendeni," Mama Matofali akasema.

"Mama, litaganda, nakwambia."

"Nipe beleshi."

Mchanganyaji akasita, akampa. Wakanawa saruji haraka haraka kwenye pipa, wakatoka langoni wote, suruali zimekunjwa magotini, wanabishana njiani nani ataanza kusema. Mama Matofali akapandisha mikono ya gauni lake. Zege lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akapumua, akaendelea kuligeuza lisishike, macho yake yakienda langoni na kurudi.