Aliyemchukua Ndiye Aseme

Tangu akiwa na miaka kumi na mitano, Leodgar hakuwahi kukaa Tabora wiki tatu mfululizo. Sasa alikuwa na sitini na minane, na wiki ya tatu ilikuwa inakatika. Begi lake lilifungwa tangu Jumapili. Alitaka kudandia lori la Nzega, akaone kama machimboni kuna kazi ya ulinzi inayomfaa mzee. Kilichomshika mguu ni karatasi moja.

Karatasi hiyo ilikuwa ya madai. Watu ambao wazee wao walikamatwa na Mdachi, wakabebeshwa risasi na magunia katika ile vita ya kwanza wasirudi, walikuwa wanaiandikia serikali ya Wajerumani. Walidai fidia kwa koo zao, na msaada wa visima vya maji kwa vijiji vilivyoachwa bila wanaume wa kulima. Kila ukoo ulijaza fomu yake. Binti mmoja wa ofisi ya wakili huko Dar es Salaam, Zuwena, alizunguka mtaa kwa mtaa akizikusanya. Siku hiyo alasiri alikuwa anaondoka nazo kwa treni.

Asubuhi Zuwena alifika Ipuli, nyumbani kwa Levina, shangazi ambaye Leodgar alifikia kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mzaramo, bibi."

"Ala! Mtani!" Bibi alipiga makofi. "Ninyi ndio mliotuuzia chumvi yenye mchanga. Babu zangu wametembea miezi mitatu na pembe mabegani, kufika pwani wanapewa mchanga!"

"Na ninyi mkaubeba mpaka huku," Zuwena akajibu. "Mnyamwezi umpe mzigo tu, haulizi ndani mna nini."

Levina alicheka hadi akafuta macho. Kisha binti akaonyesha mstari mmoja uliokuwa mtupu kwenye fomu yao: tarehe ya kufariki.

"Huo hatuujazi," Levina alisema, na kicheko kikakatika hapohapo.

Mtu mwenyewe alikuwa Mahona, babu yake Levina. Alichukuliwa akiwa shambani, jembe mkononi. Mkewe alilichukua lile jembe akaliegemeza nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango lipo hadi leo, limehama nyumba tatu. Katika ukoo ule walishika desturi ya wapagazi wa njia ya zamani: aliyemtoa mtu kwao ndiye anayerudi na habari yake. Kiongozi wa msafara akipotelewa na mtu, alikuja mwenyewe mlangoni, akalaza fimbo yake chini, akasema. Kabla hajasema, mtu hajafa, kasafiri, na jembe lake halitolewi mpini. Hata Novemba, majina ya marehemu yakipelekwa parokiani kuombewa, jina la Mahona halikuwahi kupelekwa.

"Lakini bibi, fomu isiyokamilika wakili haipokei," Zuwena alisema taratibu. "Jina la mzee litaachwa nje."

"Waliomchukua ndio wajaze. Mimi nitajuaje?" Levina akabonyeza dole gumba lake mahali pa sahihi, akaingia ndani.

Leodgar alimsindikiza binti hadi kwenye bajaji. Miaka zaidi ya mia, halafu jina likwame kwa ubishi wa bibi kizee? Akaomba kalamu, akaweka fomu juu ya kiti cha bajaji, akaandika tarehe tatu Machi, mwaka elfu moja mia tisa kumi na saba. Mwaka aliukisia. Siku na mwezi vilikuwa vya kwake mwenyewe: ndiyo siku aliyotoroka shule.

"Bibi amekubali?" Zuwena aliuliza.

"Nenda, binti. Usichelewe."

Aliporudi ndani alikuta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga mezani. Alikaa, akasimama, akatoka uani, akarudi.

"Una mchwa kwenye suruali?" Levina aliuliza. "Kaa ule."

"Nimeshiba, shangazi."

Levina, ambaye macho yalikuwa yamefifia, akanyanyuka, akapapasa hadi nyuma ya mlango, akaweka kiganja juu ya mpini.

"Mahona," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu wa chumba cha pili. "Karatasi imekwenda. Safari hii waliokuchukua watasema."

Leodgar akaona alichofanya. Yeye, mtu wa nyumbani, kamuua mzee kwa kalamu ya kuazima. Akavuta baiskeli.

Alifika stesheni shati limelowa. Treni, kama kawaida yake, ilikuwa imechelewa. Zuwena alikaa juu ya sanduku la fomu, pembeni yake Sabiri, fundi cherehani, ambaye ukoo wake nao ulikuwa na mtu katika madai.

"Nipe ile fomu," Leodgar alisema akihema. "Nimeandika uongo."

"Babu, ukiufuta mstari huu, jina linaanguka!"

"Sitauacha mtupu."

"Leodgar, tarehe ni tarehe tu," Sabiri akadakia. "Mimi ya kwangu nimeitoa wapi? Nimekadiria."

"Ninyi mlishamsomea mzee wenu hitima. Sisi wetu yuko njiani."

Zuwena akafungua sanduku. Leodgar akaikata ile tarehe mistari miwili, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la tano: Mlimchukua ninyi akiwa mzima. Tarehe semeni ninyi.

Zuwena akaisoma mara mbili. "Sijui wakili atasemaje."

"Wala mimi."

Honi ikalia upande wa magharibi. Leodgar akampigia shangazi yake simu, akamweleza yote, la uongo na la kufuta. Kisha Levina akauliza:

"Karatasi kaichukua nani?"

"Yule binti Mzaramo."

"Kaitoa mlangoni kwangu. Basi yeye ndiye arudi na jibu. Si simu. Mwambie."

Leodgar akamwambia. Zuwena akacheka, akamtazama, akaacha kucheka.

"Hata ikipita miaka?"

"Hata ikipita."

Aliingia na sanduku lake behewani. Treni ilipoanza kujivuta, akatoa kichwa dirishani. "Mwambie mtani wangu nitakuja mwenyewe! Aweke kuku! Na wewe babu nikukute, maana yeye haoni kusoma!"

Leodgar akapunga mkono kabla hajapima alichokubali. Treni ikapotea upande wa Tura. Nje ya stesheni, utingo wa lori alikuwa anaita, Nzega, Nzega, bado mmoja, na miguu ikaanza kumwasha.

"Vipi, mzee, twende?"

"Nina mgeni," Leodgar alisema, akaigeuza baiskeli kuelekea Ipuli, kufungua begi.