Brashi za Mzee Kyuzo

Gari lilishaanza kuteremka mlima pale Mzee Kyuzo alipotoa kichwa dirishani. "Morio! Samaki walishe kidogo tu! Na nyumba iwe safi, sikukuu ya marehemu hiyo inakuja!" Kona ikammeza. Alikuwa anakwenda mjini Nagaoka kutolewa mtoto wa jicho.

Morio alibaki langoni ameinama. Alikuwa mkwe wa kuingia: alimwoa Chizue, binti pekee, akachukua na jina la ukoo wao, ili siku moja bwawa na koi wake, samaki wa urembo wa rangi rangi, viwe mikononi mwake. Kwao walikuwa na bafu la umma, na tangu utotoni alifunzwa kwamba utelezi ni aibu.

Kando ya bwawa mzee alikuwa amejenga chujio la vyumba vinne. Chumba cha kwanza kilituliza uchafu mzito. Maji yakapita kati ya brashi ndefu, yakapenya mikeka ya nailoni, yakamalizia kwenye magamba ya chaza kabla pampu haijayarudisha. Morio akafunua. Kila kitu kilikuwa na utando wa kahawia, kama kamasi.

Akatoa vyote, akavisugua kwa dawa ya bafuni, akasuuza mpaka harufu ikaisha. Jirani yao Mzee Tokuji, mfugaji pia, akachungulia juu ya ua.

"Weye mkwe, acha walau nusu na uchafu wake! Hizo brashi zina..."

"Chujio lako linanuka soksi za askari, Mzee. Na sisi tuige?"

Tokuji akakohoa. "Haya. Mwenye bwawa wewe."

Wageni wa sikukuu walipofika, maji yalikuwa kioo. Wakasifu, naye Morio kwa kujiona akawa anamwaga chakula kila saa ili samaki wapande juu waonekane. Halafu wakapanda wenyewe bila kuitwa, midomo wazi, mapezi yamewiva mekundu. Yule mama yao mweupe, aliyezaa karibu samaki wote wa nyumba ile, akalala ubavu.

"Nenda kwa Mzee Tokuji," Chizue akanong'ona.

"Joto tu hili."

"Morio."

"Nimesema joto! Jua likishuka watatulia."

Akaenda hata hivyo, akafika uani. Akamsikia Tokuji akicheka na wageni wake, na maneno ya soksi yakamrudia kooni. Akageuka.

Asubuhi yule mama mweupe alikuwa anaelea, amekufa. Chizue hakumuuliza mumewe tena. Alikwenda amevaa nguo zake za sikukuu, akapiga magoti mlangoni kwa Tokuji. Mzee akaja na mikeka yake michafu kwenye beseni, akaitumbukiza chujioni.

"Kwenye utelezi mna vijidudu vinavyokula sumu ya mkojo wa samaki," akamwambia Morio kwa sauti ya chini, wageni wasisikie. "Umeviua, bwana msafi. Sasa usiwalishe kitu. Punguza maji, ongeza ya kijito."

Kyuzo alirudi na jicho limefungwa. Akamtafuta mama bwawani, hakumwona.

"Joto, Baba," Morio akasema, uso chini.

Tokuji alikuwepo, anakagua mikeka yake. "Joto la mwaka huu, Kyuzo, si la kawaida."

Kyuzo akaingiza mkono chujioni, akapapasa brashi moja tangu juu mpaka chini. Ilikuwa laini, safi. Akafuta mkono kwenye suruali.

"Ndiyo," akasema. "Joto."

Chizue akaingia jikoni. Morio alitamani atukanwe.

Mama walimzika chini ya mforosadi. Robo ya samaki wakapona. Kyuzo aliishi miaka sita zaidi, akasafisha chujio mwenyewe mpaka mwisho, na bwawa akaliandika kwa jina la Chizue. Tokuji aliuza samaki wake, akahamia kwa mwanawe. Chizue anafuga bado. Morio hukata majani na kuendesha gari.