Breki ya Mwalimu

Gari lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya maziwa juu na kijani cha majani machanga chini, lenye taa mbili za mviringo zilizokutazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hajalisomea. Mama Mapazia alilipenda kabla hata hajalizunguka upande wa pili. Mumewe alilichukia papo hapo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alisema.

"Hili ni la mwaka gani?" aliuliza, huku akipapasa bampa kwa viganja.

Mwenye gari, dada mmoja mfamasia aliyekuwa anahamishwa kikazi, alimtajia mwaka. Mzee akaangua kicheko.

"Kumbe kijana tu. Limevalishwa uzee."

Na kweli, lilikuwa limevalishwa. Bampa lililong'aa kama la magari ya zamani lilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Kwenye dashibodi kulikuwa na saa ya mishale, na vitasa vya milango vilikuwa vya kuvuta kama vya kabati la bibi. Lakini ukifunua boneti, ulikuta injini ile ile ya vigari vya kawaida vinavyopeleka watoto shule.

"Watu wanatumia hela waonekane vijana," alisema mume, "hili limetumia hela lionekane zee."

"Basi tutapatana," mkewe akajibu. "Mimi sina hela ya kutumia upande wowote."

Akalinunua.

Mume huyo watu wote walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha hesabu wala historia. Alifundisha udereva. Maisha yake yote ya kazi aliyakalia kwenye kiti cha abiria, mguu wake ukiwa juu ya breki ya pili, ile inayofungwa kwenye magari ya wanafunzi ili mwalimu aokoe roho za watu pale mwanafunzi anapochanganyikiwa. Nusu ya madereva waliokuwa wakipigiana honi mjini walipita mikononi mwake, na yeye alijivunia hata wale waliopaswa kumtia aibu.

Mkewe peke yake hakumfundisha. Hapakuwa na haja. Mama Mapazia alishona mapazia, akapima madirisha ya watu, na ilipofika siku ya kwenda kuyatundika, Mwalimu alimpakia yeye na majora yake ya vitambaa, akampeleka. Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, daktari alisema, na akamkataza kushika usukani. Gari lao la zamani likauzwa. Mama akawa mtu wa teksi, na Mwalimu akawa mtu wa kukaa sebuleni akisikiliza redio, akibishana na watangazaji.

Alichomwambia mkewe ni kwamba daktari amemkataza kuendesha. Kwamba pembeni alikuwa haoni tena kabisa, na kwamba hata katikati ukungu ulishaanza kutanda, hayo aliyameza. Mkewe alidhani mtu asiyeruhusiwa kuendesha bado anaweza kuitazama barabara akiwa kiti cha pembeni. Mwalimu alimwacha adhani hivyo.

"Nitakufundisha mimi," alisema siku gari lilipoingia uani. "Lakini kwa breki yangu."

Alikuwa ameihifadhi stoo, imeviringishwa kwenye kipande cha shuka. Fundi aliifunga chini ya dashibodi, upande wa abiria, ikaunganishwa na breki ya dereva, na kigari kile cha urembo kikawa gari la shule.

Nyumba ikachangamka. Mwalimu alirudi kunyoa ndevu asubuhi na kuvaa shati la kola. Mama naye alilizoea gari lake na vituko vyake: indiketa iliyogonga kwa sauti ya juu kama mtu anayesonya, kidroo cha mbele kilichokataa kufunga, harufu ya peremende za kifua aliyoiacha yule mfamasia. Aliliosha kwa shampuu yake ya nywele. Pale kituo cha mafuta, kijana wa pampu alipomuuliza kama hilo gari alirithi kwa babu yake, alimjibu kwamba gari ni dogo kwake kwa umri, tena kwa mbali, na kwamba angekuwa muungwana angeishia kusifia rangi.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kazi ya Mwalimu ambalo ni lazima lielezwe. Mwalimu wa udereva anaanza kwa kufunga breki mwenyewe. Mwanafunzi akigusa pedeli, mwalimu anaikandamiza pamoja naye, kwa upole, ili mguu wa mwanafunzi ujifunze kipimo. Kisha kidogo kidogo anaondoa mguu wake, mpaka siku moja mwanafunzi anasimama peke yake bila kujua. Watu walimsifu Mwalimu kwa hilo kuliko yote. Alijua siku ya kuondoa mguu.

Kwa mkewe hakuuondoa. Kila walipokaribia taa, mzunguko au kivuko cha watembea kwa miguu, mara tu alipohisi pedeli imeguswa, alikandamiza. Mama aliisikia pedeli yake ikishuka taratibu chini ya unyayo akadhani ni kazi ya mguu wake.

"Breki unaijua kama maji," Mwalimu alimwambia, na Mama akatabasamu barabara nzima.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Ule mguu ndio sehemu pekee ya udereva aliyobaki nayo. Alipoukandamiza na gari likatii, alikuwa bado mtu wa barabarani, na hakuwa tayari kushuka.

Basi, asubuhi moja wakawa wanapeleka mapazia ya ofisi fulani, jua likiwa la upande, barabara pana na tulivu. Mara Mwalimu akaona kitu cheusi kikijitokeza mbele yao. Alikanyaga kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama ghafla, jora la kitambaa likaruka kutoka kiti cha nyuma, na nyuma yao lori likapiga honi ndefu na kusimama karibu kiasi kwamba kioo cha nyuma kilijaa bampa lake. Dereva wa lori alishuka.

"Mama, kama una usingizi si ulale nyumbani?"

Mama Mapazia aliinamisha kichwa kuomba radhi. Lori lilipowapita, alimgeukia mumewe, mikono bado imeng'ang'ania usukani.

"Nimefanya nini?"

"Umekanyaga breki."

"Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta."

"Wote husema hivyo," akasema Mwalimu.

Sentensi hiyo ilimtoka yenyewe. Alikuwa ameisema kwa wanafunzi wasio na idadi, na karibu wote walistahili kuambiwa. Ndipo akakaza macho mbele, akasogeza shingo huku na huku mpaka akakipata kile kitu cheusi. Kilikuwa bado palepale kwenye lami, kimelala. Kilikuwa kivuli cha bango la matangazo.

Angeweza kusema wakati huo. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini akaona aibu, na Mama akawasha indiketa na kuondoka polepole, akitembea kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai.

Tangu siku hiyo akaingiwa na hofu. Kuchanganya mafuta na breki ndilo kosa wanaloliogopa wanafunzi wote, kwa sababu anayelifanya halioni, na asiyeliona atalirudia. Jioni Mama alikuwa anakwenda kukaa ndani ya gari likiwa limezimwa uani, akihamisha mguu na kutamka, "Mafuta. Breki. Mafuta. Breki." Mwalimu alisimama dirishani na kumsikiliza. Alikuwa akijiambia kesho nitamwambia, na kesho ilipofika alikuta ina shughuli zake. Kisha Mama akaacha hata kwenda uani. Alipiga simu kwenye ofisi ya leseni, akafuta jina lake kwenye mtihani, halafu akamwita dalali.

Dalali alikuja na manukato mengi na viatu vilivyochongoka. Alilizunguka gari, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu, akafungua na kufunga milango.

"Lina tatizo gani, mama? Niambie tu. Nitakuja kulijua."

"Halina tatizo," alisema Mama Mapazia. "Tatizo ni dereva. Ana mguu usiojua upande wake."

Akacheka. Mwalimu, aliyekuwa ameketi kibarazani, alikijua kicheko hicho. Ndicho mkewe alichokuwa akicheka mteja anapokataa pazia lililokwisha kukatwa. Kilimchoma kuliko kama angelia.

"Haliuzwi," alisema.

"Mwalimu, gari ni langu."

"Ni lako. Ndiyo maana nasema haliuzwi."

Dalali alimtazama huyu, akamtazama yule. "Niwapishe mshauriane?"

"Kaa tu," alisema Mama.

"Nenda," alisema Mwalimu.

Dalali alikuwa na mke pia. Akasogea mpaka getini, akaanza kusoma simu yake kwa bidii.

"Siku ile nilikanyaga mimi," alisema Mwalimu. "Mguu wako ulikuwa kwenye mafuta kama ulivyosema. Nilidhani ni mtoto anavuka. Ilikuwa kivuli."

Mama Mapazia aliweka mkono juu ya paa la gari.

"Na siku nyingine?" aliuliza mwishowe.

Hilo ndilo swali alilotumaini halitaulizwa.

"Hata siku nyingine."

"Pale kwenye mzunguko, uliponisifia?"

"Ndiyo."

"Na kwenye taa?"

"Na kwenye taa."

"Mimi nimewahi kulisimamisha hili gari, Mwalimu? Hata mara moja?"

"Sijui," alisema. "Sikukupa nafasi."

Mama alikasirika basi, na alikuwa na haki. Hakupaza sauti, hakuwa na tabia hiyo. "Nimekaa humo ndani nikitamka mafuta, breki, kama mtoto wa chekechea. Nimejiona nazeeka akili. Na wewe uko dirishani unanisikia."

"Nilikuwa dirishani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo kazi iliyonibakia. Na kwa sababu sioni."

"Najua huoni vizuri."

"Hapana, mama watoto. Sioni. Pembeni kumekwisha zamani. Katikati nako kuna ukungu. Hapo ulipo najua ni wewe kwa sauti na kwa lile gauni."

Mama alilitazama gauni lake, kama vile lilikuwa limetoa siri. Alimhurumia, na hakutaka kumhurumia, si wakati huo. Alikwenda getini akamwambia dalali asisumbuke kurudi, kisha akaingia stoo na kutoka na spana.

"Itoe," alisema, akamwekea mkononi.

Mwalimu alilala chali chini ya dashibodi na kuifungua breki yake kwa kupapasa. Bolti moja ilikuwa imeshika, akahangaika nayo mpaka jasho likamwingia machoni. Mama alisimama juu yake na hakumsaidia. Ilipotoka, aliibeba mwenyewe, akaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akafungua mlango wa dereva.

Mwalimu alisimama kando, akijifuta mikono. Alijua sasa mkewe ataondoka peke yake, na hakuona la kupinga.

"Panda," Mama akamwambia.

"Mimi?"

"Nataka kujua kama naweza. Na wewe pia unataka kujua. Panda."

Walitoka getini. Mwalimu alikaa na magoti yameshikana, mguu wake wa kulia ukikandamiza zulia kila gari lilipopunguza mwendo, na zulia halikufanya kitu. Kwenye makutano ya kwanza Mama alifunga breki amechelewa, kwa nguvu, na mkanda ukambana Mwalimu kifua.

"Nimevuka mstari?" aliuliza kwa haraka.

Jibu la miaka yote lilikuwa tayari mdomoni mwake. Alikaza macho mbele na hakuona mstari, wala taa, wala makutano. Aliona mwanga mweupe wenye vitu vinavyosogea.

"Sijui," alisema. "Niambie wewe. Mbele yetu kuna nini?"

Mama alimtazama, kisha akatazama barabara.

"Mstari uko chini ya tairi za mbele. Nimeukanyaga kidogo. Wanavuka wasichana wawili wa shule, mmoja anafunga kamba ya kiatu katikati ya barabara kama yuko kwao. Sasa amemaliza."

"Basi nenda. Wakati mwingine anza mapema, kabla hujaona haja."

Wakaendelea. Mama alikuwa akimwambia kila kitu: lori la mchanga, mwendesha baiskeli asiyejua anataka kwenda wapi, duka la rangi lililobadilisha jina, mbwa. Kwenye makutano ya pili mkanda ulimbana kidogo tu. Mwalimu alisikiliza, na taratibu mguu wake ukaacha kukandamiza zulia. Alisikia uchungu, na alisikia faraja, na hakuweza kuvitenganisha.

Baadaye Mama akanyamaza. Mwalimu alingoja aambiwe kilichoko mbele, hakuambiwa.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Tunapita wapi sasa?"

"Hatupiti popote," alisema Mama Mapazia. "Tumesimama, Mwalimu. Tuko kwenye taa, muda sasa."

Hakuwa amehisi chochote.