Usitoe Betri

Yussuf wa Gombani alikuwa fundi simu hodari, hilo tusimnyime. Ila alikuwa akisikiliza mashine, watu hakuwa akiwasikiliza, na wanawake wa shamba ndiyo kabisa.

Jumatano asubuhi Bi Mwanamize akaingia dukani kutoka Ole na pakacha mkononi. Juu ya mihogo mna betri ya pikipiki, kwenye betri umefungwa waya, na mwisho wa waya kompyuta ya mkononi ya zamani, ile ya kuandikia kwa kijiti, nene kama kipande cha sabuni. Yussuf akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Bi Mwanamize, umemleta mgonjwa na dripu yake?"

"Cheka, mwanangu, lakini waya usiuchomoe na betri yake ya ndani, japo imechoka, usiitoe. Ikikosa umeme inasahau kila kitu. Marehemu aliniapisha."

Marehemu ni Nyange, mumewe, aliyepewa kompyuta ile na serikali wakati anahesabu mikarafuu ya watu. Alipougua, mkewe ana mimba ya miezi saba, alijirekodi humo akimpa radhi mtoto ambaye hatomwona. Mtoto huyo, Shadya, alikuwa akiolewa Ijumaa, na sauti ya baba yake hajapata kuisikia, maana spika ilikufa yeye bado ananyonya. Miaka kumi na minane Bi Mwanamize akaichaji kila siku. Umeme ukikatika, mbio kwa jirani mwenye sola. Tundu la kebo lilishaoza kwa kutu. Njia iliyobaki ya kuitoa ile sauti ni kadi ya waifai, inayochomekwa utosini, iipeleke kwenye simu ya Shadya. Na kadi ilikuwa imegoma.

"Niachie, urudi adhuhuri," Yussuf akasema. "Nimefufua vilivyooza kuliko hiki."

Alianza vizuri. Akasugua meno ya kadi kwa spiriti mpaka taa ikawaka. Akafungua mafaili, akaiona yenyewe: "Mwanangu", dakika nne. Mtandao wa duka ukakataa. Akatambua kuwa kadi kongwe ile haijui kufuli za siku hizi, akashusha ruta kuukuu toka juu ya kabati, akaiwasha bila neno la siri. Jina la mtandao likatokea kwenye kioo. Kadi ikatafuta, ikatafuta, ikagoma. Mara ya tano Yussuf akapandwa na hasira.

Sasa, mafundi simu wetu hawa, kitu kikigoma, mkono unakwenda nyuma wenyewe: toa betri, hesabu kumi, rudisha. Maneno ya Bi Mwanamize aliyakumbuka, asije akatudanganya kuwa alisahau. Aliyaona ni maneno ya shamba tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Akachomoa waya, akatoa betri, akahesabu kumi, akaongeza na tano za kiburi.

Kompyuta ikaamka vizuri, ikamkaribisha kama mgeni, ikamwomba aweke tarehe. Kadi ikanasa mtandao papo hapo. Yussuf akaisaka "Mwanangu" kila pembe, hamna. Aliona haya, kisha akaogopa, kisha akaanza kutunga la kusema.

Adhuhuri Bi Mwanamize akarudi, na simu ya Shadya mkononi, kwa kuwa mwari hatoki nje.

"Kadi imepona," Yussuf akasema bila kumtazama. "Ila ndani hamna kitu. Waya ulilegea njiani, Bi. Pakacha lilitikisika."

Bi Mwanamize akakaa kwenye benchi.

"Nilipoteremka garini nililitua chini," akasema taratibu. "Nilimwona shoga yangu Bi Masika, nikamsalimia. Salamu tu, wala hatukukaa."

"Basi ndipo hapo."

Akalia kimya kimya, mtandio mdomoni. Yussuf akajitia kupanga bisibisi zake.

"Nimwambie nini mwanangu? Nimwambie miye mamaake ndiye niliyempotezea radhi ya babaake?"

Bi Mwanamize akajifuta uso, akaurudisha waya kwenye kompyuta, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika. Kisha akatoa mihogo yote pakachani, akaipanga juu ya meza ya fundi.

"Hii yako, mwanangu. Nimekupotezea siku yako bure kwa uzembe wangu. Niwie radhi."

"Nishakuwia radhi, Bi," akasema Yussuf.