Kuvuta Mwaka Jana

Siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi mimi siongeleki, na wateja wangu wanalijua hilo. Mwaka mzima nawatumia ujumbe, nawapigia simu, nawabembeleza kama watoto wa chekechea walete hesabu zao mapema, nao wananijibu "sawa dada" kisha wanakwenda kulala. Halafu siku ambayo mtandao wa kodi unafungwa jioni, wote hao mlangoni, kila mtu na mfuko wake wa risiti zilizokunjamana, kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Siku hiyo hakuna cha karibu wala cha soda. Kaa kwenye benchi, subiri, funga mdomo.

Mwaka huo benchi lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Feni ilikuwa imekufa. Mbele yangu alikuwepo dalali wa viwanja, mtu wa maneno mengi, anataka nimwongezee watoto wawili kwenye fomu ili kodi yake ipungue.

"Watoto gani? Si una mmoja?"

"Hao wengine wako njiani, dada."

"Wote wawili?"

"Mungu ni mkubwa."

Benchi zima likaangua kicheko. Nikamwambia mimi sipeleki mimba za mdomoni serikalini. Nikatuma ritani yake na mtoto wake huyohuyo mmoja, nikamwambia akasimame ukutani asubiri karatasi yake.

Aliyefuata alikuwa Fundi, mzee mmoja mpole anayetengeneza makochi. Karakana ile ni yake na mkewe, na ritani yao huenda kwa pamoja, majina mawili kwenye fomu moja. Mama ndiye anayekata vitambaa na kupatana bei na wateja, mzee anapiga misumari na kushona. Mama tunamwita Bosi, kwa sababu mzee hakubali jambo lolote kabla hajasema "ngoja nimuulize Bosi." Kwangu huwa wanakuja wawili, tena mapema kuliko wote. Bosi anaongea, mzee anashika mfuko. Nikimkaripia Bosi ananirudishia, tena kwa riba, na ndiyo maana nampenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo kulikoni? Nyie mmekuwa watu wa siku ya mwisho tangu lini? Bosi yuko wapi?"

"Bosi hayupo."

"Kaenda wapi?"

Akatazama mikono yake. "Amesafiri."

"Aa, ndiyo maana mambo yamelala! Akirudi mwambie nina kesi naye. Anakuachaje siku kama ya leo?"

"Nitamwambia," akasema.

Sisi wa kazi hii, maji yakitufika shingoni, tuna njia yetu. Tunaiita kuvuta mwaka jana. Hujazi fomu upya. Unafungua ile ya nyuma, unaivuta nzima nzima, halafu unabadilisha mapato na matumizi tu. Majina, anwani, ndoa, vyote vinakuja vyenyewe. Mara nyingi haina madhara, maana watu hawabadiliki sana. Basi nikavuta. Mume, yeye. Mke, Bosi. Hali ya ndoa, wameoana.

Risiti zilinitoa jasho. Bosi huzifunga kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki, kila mwezi rangi yake. Safari hii zilikuwa shaghalabaghala, zimechanganyika na nyuzi na misumari midogo, na mmoja ukanichoma kidole. Nikasonya. Mzee akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyenichoma.

Nikamaliza kujumlisha. Kabla ritani haijaondoka, mtandao hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya kila mmoja mwenye jina kwenye fomu. Ya mzee ikaingia, akanisomea.

"Haya, sasa mpigie Bosi akutajie yake."

Hakupiga. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa simu nyingine ndogo yenye kava la maua, akaivuta mbali na macho, akaanza kunisomea namba. Niliandika yote. Visanduku vya namba vikageuka kijani, mtandao umekubali. Hapo ndipo kitu kikanigonga kichwani.

"Mzee, Bosi kasafiri bila simu?"

Akaigeuzageuza ile simu ya maua kiganjani.

"Kasafiri kwenda wapi?"

"Mwanangu," akasema, "Bosi hatunaye."

Nikakumbuka nilivyosema nina kesi naye, nikatamani ningeung'ata ulimi wangu. Nikamuuliza lini. Akasema wakati wa mvua zile kubwa, kifua kilimbana, hata hospitali hawakukaa sana. Nikamuuliza tena, na haki ya Mungu nilijichukia kwa kuuliza, kama ilikuwa kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, maana aliyefariki kabla hawezi kubaki kwenye fomu.

"Kabla," akasema. "Ipeleke hivyohivyo, mwanangu. Si umeona imekubali? Mwaka huu tu. Nilijua hiyo fomu itaniuliza, ndiyo maana sikuja. Kila asubuhi nasema kesho. Niache naye mwaka huu tu, mwakani utafanya unavyotaka."

Nilitazama kitufe cha kutuma. Nilitaka kukibonyeza, nisidanganye. Lakini kutuma ritani kwa simu ya marehemu, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekubali, wakigundua wataita udanganyifu, watapiga kufuli karakana, na mzee huyu hakubakiwa na kitu kingine cha kumwamsha asubuhi. Nikamweleza hayo polepole, kwa sauti ambayo wateja wangu hawaijui.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo unamfuta."

"Simfuti, baba. Nabadilisha hapa tu." Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Nikafungua ile sehemu ya ndoa, maneno ya kuchagua yakashuka.

Akasogea, akasoma moja moja kwa kidole. "Mgane ni nini?"

"Mwanamume aliyefiwa na mke."

"Mimi nilijua wote tunaitwa wajane."

"Wengi tunasema hivyo. Fomu inatenganisha."

"Mgane," akasema. Akalirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Dalali akapaza sauti kutoka ukutani. "Jamani huko mbele! Foleni haisogei, kuna harusi?"

"Nyamaza wewe!" nikamfokea, na nadhani alisikia kitu kwenye sauti yangu kwa sababu aliufyata palepale.

"Niache nibonyeze mwenyewe," mzee akasema.

Nikamsogezea kipanya. Mkono ule unaopitisha sindano kwenye ngozi ya kochi ulishindwa kulenga, mshale unapita juu ya neno, unarudi, unapita tena. Sikumsaidia. Mwishowe akabonyeza, na mstari wa Bosi ukaondoka kwenye fomu mara moja. Nikatuma. Ritani ikapokelewa.

Nilidhani atainuka. Hakuinuka. Alibaki anatazama kioo, simu ya mkewe bado mkononi.

"Siku ile pale makaburini waliniita nitie udongo," akasema. "Nilishindwa. Watoto wa dada yake wakanishika wakanirudisha kwenye gari, nikakaa humo mpaka wakamaliza. Hata sijui kaburi lake lilivyo. Sijarudi tena." "Leo ndiyo nimemzika, mwanangu. Kwa mkono wangu."

Nilitaka kusema pole. Nililia. Mbele ya benchi zima, mimi niliyewazoesha makaripio, nililia kwa sauti, kamasi zinanitoka. Yule mzee akazunguka meza, akanipa kitambaa chake, akawa ananipigapiga begani, mfiwa ananibembeleza mimi. Mtandao ulikuwa unakaribia kufungwa, na hakuna hata mmoja aliyesema foleni isogee.