Mgeni Hulipa kwa Maneno

Sijawahi kuwatafuta waandishi. Wa mji wetu hubandika matangazo kwenye nguzo za umeme, karibuni nyote kwenye kikao cha ubunifu, na mimi hupita zangu. Nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Jioni mikono inanuka jiki, na ubunifu wote umeniishia kwenye foronya. Siku niliyokutana nao nilikuwa natafuta soketi ya kuchajia simu.

Mama alikuwa amelazwa tangu asubuhi. Kitu kilimpasukia tumboni, daktari akasema lazima afanyiwe operesheni mchana huohuo, ila anahitaji damu na stoo ya hospitali ni tupu. Nikanyoosha mkono. Wakanipima, wakasema damu yangu ni pungufu, mimi mwenyewe ni wa kuongezewa. Baba hatunaye. Akabaki mdogo wangu wa kiume, ambaye damu yake ni ya kundi moja na ya mama, na ambaye simu yake ilikuwa imezimwa. Nikakimbilia ofisini kwao, kampuni ya bima anakokaa akigonga mihuri.

"Huyo leo kaomba ruhusa," mlinzi akaniambia. "Anasema mama yake mgonjwa."

Nilishukuru Mungu. Nikadhani keshapata habari na yuko njiani kwenda hospitali. Nikataka kumpigia tena, simu yangu nayo ikazima. Nikaingia mkahawa wa karibu, roho juu.

"Soketi ya huku chini imeungua," mhudumu akasema. "Panda ghorofani. Ila huko kuna waandishi." Alisema kama mtu anayekutahadharisha na siafu.

Juu palikuwa na chumba chenye madirisha yaliyofungwa, viti vya plastiki vimepangwa duara, na vikombe vya kahawa vilivyopoa kwa kusahauliwa. Katikati ya duara, juu ya kigoda, midomo imebanwa, ameketi mdogo wangu. Mgonjwa wake ndio hao waandishi. Uongo aliowapa ofisini ulikuwa umegeuka kweli na yeye hana habari.

Kabla sijafungua mdomo, mzee wao aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile akaniinulia mkono. "Karibu, mgeni. Simama hapohapo mlangoni. Kwetu mgeni hulipa kiingilio kwa maneno. Usisome, sema cha moyoni."

Nikamtazama mdogo wangu, si yule mzee. "Mama yuko hospitali. Anapasuliwa leo. Hana damu. Yangu wameikataa, wanataka yako. Inuka twende."

Wakaanza kualisha vidole wote kwa pamoja, kama watu wanaoita mbwa. Ndiyo makofi yao.

"Sentensi fupi, nimezipenda," akasema mwanamke mmoja mwenye bangili hadi kwenye kiwiko. "Lakini mama mgonjwa tena? Kila mgeni anatuletea mama mgonjwa."

"Na damu," akadakia Kofia, "ni ishara iliyochakaa. Halafu ule mwisho, 'inuka twende', unaamrisha mno. Msomaji aachiwe nafasi."

"Hii si hadithi!" nikapiga kelele. "Ni mama yangu! Ni mama yake huyu hapa!"

Bangili akafumba macho kwa raha. "Mmesikia? Hataki kutoka ndani ya mhusika."

Nimeona walevi wakigombana na nguzo, lakini kila mlevi hugombana peke yake. Wajinga waliokubaliana kwa kikao sikuwahi kuwaona. Debe tupu moja lina kelele zake; hapa yalikuwa yamepangwa duara.

Mdogo wangu yeye alielewa. Nilimwona rangi ikimtoka, nikamwona anainuka nusu. Kofia akamnyooshea kidole. "Anayejadiliwa hasemi wala haachi kigoda kabla ya kengele. Ukitoka sasa, nafasi yako kwenye kitabu chetu anapewa mwingine."

Na mdogo wangu akakaa. Narudia kwa sababu hata leo siamini: alikaa. Mtoto ambaye mama alimbeba mgongoni hadi watu wakamcheka, akakaa, akanitazama kwa macho ya kuniomba nisubiri kidogo.

Sikusubiri. Nilipita katikati ya duara lao, nikamkwida shati, vifungo vikaruka, nikamburuta hadi kwenye ngazi. Nyuma yetu vidole vikaalika upya. "Mwili!" nikamsikia Bangili. "Sasa anatumia mwili!"

Ndani ya teksi akajipapasa kifua kilichobaki wazi. "Dada, walikuwa karibu kumaliza."

"Funga mdomo," nikamwambia. "Si ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya?"

Damu aliitoa, hilo simnyimi. Aliangalia ukutani, akaitoa, ikatosha. Mama akapasuliwa, akapona. Nilimdharau mdogo wangu na nilimshukuru, vyote siku moja, na hadi leo sijajua kipi kilianza.

Mama aliporudi nyumbani na kupata nguvu za kukaa kwenye kochi, wale watu wakaja kumjulia hali. Walileta kitabu chao, bado kinanuka wino. Mdogo wangu alikuwa amewaandikia hadithi mpya, wakamrudishia nafasi yake. Akasimama katikati ya sebule yetu akaisoma.

Ndani yake kuna kijana aliye kwenye kikao kinachoamua maisha yake. Hakuna aliyemletea habari. Anahisi tu moyoni kwamba mama yake anamwita. Anakipiga teke kiti, anakimbia mji mzima bila viatu, anamfikia mama mlango wa chumba cha upasuaji ukifungwa. Hakuna mtu yeyote anayepanda ngazi.

Vidole vikaalika. Kofia akajifuta macho bila haya. Mama, ambaye hakumbuki lolote la siku ile, alilia kwa furaha, akamvuta mwanawe akamkumbatia kichwa. Tangu atoke hospitali sikuwa nimeuona uso wake ukiwaka namna ile. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama na sinia la vikombe.

"Na wewe mwanangu, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Wote wakanitazama. Mdogo wangu akawa anatazama zulia. Maneno yalinijaa mdomoni, na kila nililolishika niliona litauzima ule uso.

"Nilikuwa kazini, mama."

"Kazi, kazi," akasema, akitikisa kichwa. Akampapasa mwanawe mkono. "Isome tena, baba. Isome huyu dada yako asikie."