Karibu Havaslau

Nimechoka na chama hiki, nakwambia kweli, na bado kila uchaguzi ukikaribia ni mimi ninayechemsha maji ya chai ukumbini. Jimbo letu hapa Uingereza ni la chama hiki cha Wahafidhina tangu enzi za mababu. Hata mbwa akisimama kwa tiketi ya chama, bungeni anaingia. Kwa hiyo huku kwetu kazi haiko siku ya uchaguzi, iko siku ile wanachama wanapokaa kumpitisha mgombea.

Mume wangu Wilf Ackersley, diwani wetu na mwenye duka la mazulia, alikuwa ameshaangushwa mara mbili katika kura hiyo ya wanachama. Mchana wa kikao, akifunga tai mbele ya kioo, akaniambia, "Noreen, nikikosa safari hii, basi tena. Sina miguu ya kuendelea kugonga milango ya watu."

"Utapata," nikamwambia. "Wakuache wewe wampe nani?"

Kumbe yupo. Makao makuu ya chama yalitushushia kijana kutoka London, Piers Allardyce, suti imemkaa, meno meupe kama vigae vya bafuni. Mwenyekiti wetu, Bernard Tunnicliffe, akavaa miwani akatueleza alikotoka: shule ya ada kubwa, chuo kikuu cha maana, benki, kisha msaidizi wa waziri. "Tena huyu si mgeni," Bernard akasema. "Bibi yake mzaa mama ni mzaliwa wa hapa hapa."

Piers akasimama, mkono kifuani. "Ndugu zangu, kila nikikanyaga Havaslau, najiona nimerudi nyumbani."

Lo! Watu wakaanza kukohoakohoa. Kijiji chetu kibaoni kimeandikwa Haverslough, lakini sisi tunakiita Haasla, na mama zetu walikiita Haasla. Ukikitamka kama kilivyoandikwa, hata mtoto wa chekechea anajua umeshuka jana.

Edith Crumpsall, mjane anayekaa kiti cha mbele kwa sababu ya masikio yake mazito, akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu, bibi yako alizaliwa wapi? Sijakupata vizuri."

"Havaslau, mama."

"Wapi?"

"Ha-va-slau!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana naye akacheka, masikini, akidhani tumempenda. Moyoni nikasema, kwisha habari yako. Nilifurahi hadi nikamwaga maziwa.

Ikafika zamu ya Wilf. Bernard akavua miwani. "Na huyu, jamani, tunamjua sote," akasema, akakaa. Basi! Mtu kazaliwa nyuma ya kanisa letu, mto ulipofurika kambeba Edith huyo huyo mgongoni, kila uchaguzi kasambaza vipeperushi vya wagombea wengine mvuani, na yote hayo yameishia "tunamjua sote". Hasira zilinipanda, nikabaki nimeshika birika kama mjinga.

Wilf akaongea kuhusu daraja na zahanati. Aliongea vizuri, lakini kwa uchovu, na watu walikuwa wameshayasikia. Mmoja wa nyuma akamuuliza, "Wilf, huko London unamjua nani?"

"Dereva teksi mmoja," Wilf akajibu, "naye alinipoteza."

Wakacheka sana. Wakapiga kura. Bernard na wenzake wakaingia jikoni kuhesabu, na walipotoka sikuhitaji kusikia, nilimwona Bernard anavyokwepa macho yangu. Piers alishinda, tena kwa mbali.

Edith akaja kuchukua chai. "Usininunie, Noreen," akanong'ona. "Yule ana watu wake kule juu. Wilf tunaye tu, haendi popote."

"Sukari iko pale," nikamwambia. Ningesema zaidi ningelia.

Huku desturi ni kwamba aliyeshindwa ndiye anayesimama kuwaomba wote wamuunge mkono mshindi. Wilf akainuka, kashikilia mgongo wa kiti kwa sababu ya goti lake bovu. Nikaomba moyoni, mume wangu, sema Haasla. Mara moja tu, kwa sauti, kila mtu asikie, kisha twende zetu nyumbani.

Akamgeukia yule kijana. "Bwana Allardyce," akasema, "kwa niaba yetu sote, karibu Havaslau."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wakapiga makofi. Bernard naye akasimama kushukuru, na nakuapia, mtu ambaye baba yake alikuwa kinyozi wetu, naye akasema Havaslau.

Ndani ya gari sikuweza kujizuia. "Wilf, umepatwa na nini? Jina la kwenu unalitamka hivyo?"

"Yule mtoto angeaibika."

"Si angeaibika tu? Kwani kakufanyia nini kizuri?"

"Ndiye mgombea wetu, Noreen. Jumatatu nitaanza kumzungusha nyumba hadi nyumba. Nitamkosoaje mbele ya watu?"

"Si ulisema huna miguu?"

Akauvuta mkanda wa gari. Akahangaika nao, hauingii.

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Aibu yako wewe nani kaifikiria?"

"Ah, mimi," akasema. "Mimi wananijua."

Nikamfungia mkanda, maana yeye alishindwa.